Gunia Lililoshona Kitabu cha Nchi

Nawategea, na msiponijibu mnanipa mji. Nyumba yangu ina kuta mbili na milango elfu mbili, imejaa wakubwa watupu, na ndani yake hakuna hata mmoja anayejua kuchemsha maji.

Mmeshindwa. Basi mji nimeuchukua, na mji wenyewe ndio jibu: unaitwa Kiini, uko katikati ya nchi ambayo jina lake silitaji kwa sababu kwa umri wangu huu sitaki kuitwa ofisini.

Nchi hiyo ni ya mviringo. Katikati ni Kiini, na pembeni pote panaitwa Ute, ndiko wanakokaa watu wanaofanya kazi. Ndani ya Kiini mna Kitabu. Si kitabu cha kufunua kama cha shule. Ni karatasi moja ndefu isiyo na mwisho, imeviringishwa juu ya vigogo vidogo maelfu kwa maelfu, na imeandikwa namna ya kutengeneza kila kitu kilichomo nchini, kijiko mpaka daraja. Kitabu hakitoki. Kinachotoka ni nakala ya kipande, imevalishwa kofia kichwani na mkia nyuma, maana nakala isiyo na kofia na mkia huchanwa njiani. Ikifika Ute, karakana zinaisoma na kutengeneza vile vile ilivyo, herufi kwa herufi. Karakana haziruhusiwi kufikiri. Kufikiri kuna idara yake, nayo imefungwa kwa ajili ya ukarabati.

Na kila kilichomo Kiini kimetengenezwa Ute. Viti wanavyokalia, vigogo vya Kitabu, wanakili wenyewe wanaokinakili, wote wametoka Ute, wamebebwa, wameingizwa. Wakishaingia tu, wanaanza kuziba pua.

Mwaka huo Kitabu kilichanika. Hakikuchanika sana, upana wa vidole viwili, lakini ni kwenye fungu la pampu za maji, pale penye mstari unaosema mdomo wa bomba ufungwe chujio. Wanakili walipofika kwenye mpasuko waliruka wakaendelea. Karakana zikatengeneza pampu elfu moja mia tatu zisizo na chujio, nzuri sana, zimepakwa rangi ya kijani.

Maji yaliyotoka humo Siwatu, mwanamke mmoja wa Ute, aliyajua kwa ulimi kabla hajayaona. Yalikuwa yanateleza. Ukikinga ndoo ukaiacha itulie, juu unapata utando kama wa uji uliolala, na chini vijinyoo vyekundu vinajikunja na kujikunjua. Pale Mtaa wa Vinu alikokaa, wanawake walichujia kanga, na kanga ikishachuja mara mbili hakuna anayetaka kujifunga tena. Zuwena, jirani wa ukuta mmoja na Siwatu, alikuwa na binti wa miezi kumi, Mize. Mize alikuwa na wiki ya tatu anaharisha, amebaki macho tu. Serikali haikukaa kimya. Ilitoa tangazo kwamba wananchi wanywe wakiwa wamefumba macho yao.

Siwatu alikuwa fundi wa kushona karatasi. Wa namna hiyo nchi nzima walikuwa watatu. Mmoja alikufa, mwingine akateuliwa kuwa balozi, akabaki yeye. Ndipo akaitwa kwa barua: aje Kiini ashone mpasuko, na asichelewe, kwani nchi imekaribia kugawanyika. Nchi ile, msishangae, kila baada ya miaka hujigawa ikawa mbili. Kabla ya kujigawa, Kitabu chote hunakiliwa mwanzo mpaka mwisho, ili kila nchi ipate chake. Mpasuko ukinakiliwa siku hiyo, unakuwa sheria huku na huku. Hautashonwa tena, kwa sababu kila nchi itatazama kitabu cha mwenzake na kusema, mbona viko sawa.

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

"Nenda dada," Zuwena alimwambia, kamweka Mize begani kama kitambaa. "Sisi hapa tutafumba macho."

*

Huko Kiini hamwingii kwa kuwa tu mnahitajika. Kilicho kidogo hupita bila kuulizwa: chumvi, inzi, kifaranga. Lakini mtu mzima sharti ashikwe mkono na Mshika Mkono, na Washika Mkono hawatazami uso. Wanapapasa kitu kimoja tu, utepe wa shanga tano ulioshonwa kwenye pindo la nguo: nyeusi tatu, nyekundu moja, nyeusi moja. Vidole vyao vikikuta utepe vinakamata. Visipoukuta vinalegea, hata uwe unatokwa damu mbele yao.

Utepe hushonwa kwenye Banda la Tepe, na mbele ya banda kuna foleni. Foleni ya Ute ina desturi yake. Mtu akichoka anaacha kitu kishike nafasi, kiatu au jiwe, na kitu hicho kinasogezwa na walio nyuma kwa heshima zote kama mwenyewe. Siwatu alikuwa mbele kabisa. Nyuma yake alikuwa mzee mmoja muuza samadi, Mzee Foumu, aliyetaka kuuliza tu amwage wapi mavi ya ng'ombe yaliyoagizwa kusilibia sakafu ya banda. Mzee Foumu alikuwa ameona njaa. Akaacha gunia, akaenda kula.

Siwatu alipofika dirishani karani akamwambia hajapimwa urefu, aende chumba cha pili. Akaenda. Foleni ikasogea, na watu wema wakalisukuma gunia mbele mpaka kwenye kigoda cha fundi cherehani.

Yule fundi alikuwa na miaka thelathini kazini hajainua uso, kwani kuinua uso ni kazi ya mkaguzi. Akasoma daftari. "Fundi wa kushona Kitabu."

Gunia likanyamaza.

"Una mwili, mama," fundi akasema akivuta pindo. "Na jasho." Akashona shanga tano, akakata uzi kwa meno, akatema pembeni mara nyingi sana.

Siwatu aliporudi na karatasi yake ya urefu, alikuta kazi imekwisha.

"Baba, huo utepe ni wangu."

"Jina?"

"Siwatu binti Kombo. Fundi wa kushona karatasi."

Fundi akapitisha kidole kwenye daftari. "Huyo ameshashonewa."

"Hajashonewa. Uliloshonea ni gunia la mavi ya ng'ombe, baba. Linakutazama."

"Mimi sishoni sura, mama. Nashona utepe."

"Basi ung'oe."

"Utepe haung'olewi. Anayeng'oa utepe anahesabiwa ameua mtumishi wa umma."

"Huyo amekufa zamani," Siwatu akasema. "Alikuwa majani, akaliwa."

Watu wa foleni wakacheka mpaka wakakohoa, lakini hakuna aliyetoka mbele kushuhudia, maana kutoka mbele ni kupoteza nafasi. Siwatu akaomba utepe wa pili. Akaambiwa kila kazi ina utepe mmoja, asubiri huyu aliyepo astaafu.

*

Mshika Mkono wa zamu alikuwa kijana wa kaka yake, Machano, mwenye mikono mipana kama vyano vya kupakulia wali. Siwatu akashukuru. Akamnyooshea mkono, Machano akaushika, na vidole vikamlegea kama vitambaa vilivyolowa.

"Usinikasirikie, shangazi. Havishiki bila shanga. Mke wangu mwenyewe sijamshika tangu niajiriwe."

"Machano, unanijua."

"Nakujua. Vidole ndivyo havikujui."

Kisha akapapasa gunia, akakuta shanga tano, na ile mikono ikalikumbatia kwa nguvu mpaka maji ya kijani yakamtiririka kifuani. "Karibu mheshimiwa," akaliambia, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Akaanza kwenda.

Siwatu akatembea ubavuni. Siku tisa sasa zilikuwa nane. Alimfikiria Mize begani kwa mama yake, shingo haina nguvu. Akauliza, "Na mtu akiwa amelishika gunia?"

Machano akafikiri kidogo, jambo ambalo hakuruhusiwa. "Mimi nashika gunia," akasema. "Gunia limeshikwa na nani, hapo sikuulizwa."

Basi Siwatu binti Kombo, aliyefundishwa na mama yake kunawa mikono kabla ya kugusa karatasi na baada, akafunga kanga kiunoni, akalikumbatia gunia lile kwa nyuma. Lilikuwa la vuguvugu, na ndani yake kitu kilikuwa kinatembea. Akageuza uso pembeni, shavu likagusa hapo hapo.

Kila lango lao ni tundu tu, limezungukwa na nguzo nane, na katikati limejaa nyuzi zilizotatizana kama nywele za mtu asiyejua kitana. Ukienda peke yako nyuzi zinakusukuma nje. Mshika Mkono zinampenda. Zinampapasa, zinampisha, zinampokeza kwa nyingine. Walipofika katikati, pamoto, pananata, hawaendi wala hawarudi, Siwatu akaona amtegee mtoto wa kaka yake kitendawili, ili yeye mwenyewe asitapike.

"Mheshimiwa amekaa kitini, hasemi, ananuka, na watu wanamwinamia."

"Shangazi," Machano akasema, "hao wapo wengi. Nipunguzie."

*

Upande wa ndani alikuwa akingoja mzee mwenye kibuyu kilichojaa maji. Kazi yake ni hiyo tu: anamkumbatia Mshika Mkono, na Mshika Mkono akikumbatiwa huachia alichobeba. Kisha wote wawili hutoka nje, kibuyu kikamwagwa huko, na safari inaanza upya. Hivyo Machano alikumbatiwa, akaachia, akaondoka bila kuaga. Gunia likaanguka sakafuni likatoa sauti ambayo sitaiandika.

Mheshimiwa Mapengo, Mtunza Kitabu Mkuu, alikuwa amesimama na tarumbeta mbili na karatasi ya hotuba.

"Ndugu Fundi," akasoma, "kwa niaba ya Kiini, na kwa niaba ya wale ninaowawakilisha, na kwa niaba yangu mimi ninayejiwakilisha mwenyewe, nakukaribisha. Tumesikia sifa zako kabla hujafika. Kwa kweli tulizisikia tangu ukiwa langoni." Akatoa leso, akaiweka puani, akaendelea kwa sauti ya kibuyu. "Nimefurahi kuona fundi asiye na makuu. Hujavaa viatu. Hujachana nywele. Umekuja kama ulivyo."

Wakapiga makofi. Mwandishi akauliza yule mwanamke nyuma ya Fundi ni nani. Wakatafuta utepe wake, hakuna. Wakaandika: kiambatisho.

Gunia likaketishwa kwenye kiti cha fundi, chenye mto wa hariri, na mbele yake wakafunua Kitabu pale kilipochanika. Siwatu akauona mpasuko. Kingo zilikuwa bado safi. Mistari ya Kitabu kile huenda miwili miwili ikitazamana, mmoja ukisema hivi mwenzake anajibu vile, kwa hiyo mmoja ukichanika unamsoma mwenzake unajua uliochanika ulisemaje. Kazi ya nusu siku. Mikono ikamwasha.

"Mheshimiwa, nipe sindano na unga wa muhogo nipike gundi."

"Kiambatisho hakisemi mpaka kiulizwe."

"Niulize, basi."

Hakumwuliza. Wakakaa kungoja Fundi aanze. Siku ya kwanza gunia halikufanya kitu, wakasema anatafakari. Siku ya pili likavuja, majimaji ya kijani yakapita katikati ya vidole vya miguu ya wakubwa, na Mheshimiwa Mapengo akasema hayo ni machozi ya mtu anayeipenda nchi yake. Siku ya tatu likaota uyoga. Wakaliongezea cheo. Siku ya nne inzi walikuwa wengi kiasi kwamba mkutano uliendeshwa kwa ishara, na kila aliyefungua kinywa kuunga mkono hoja alimeza wawili watatu, akaunga mkono hivyo hivyo. Hakuna aliyesema neno kuhusu harufu. Kila mmoja alidhani inatoka kwa mkubwa wake.

Na Siwatu alikaa chini ukutani, ananuka vile vile, anahesabu. Siku ya tano aliwasikia wanakili wakinoa kalamu. Siku ya sita walianza kunakili kutoka mwanzo. Hao wanakili walimtia hofu kuliko wakubwa. Wananakili kila wanachokiona. Alionyeshwa mahali ambapo miaka arubaini nyuma inzi alibanwa kwenye fungu la vijiko. Wakamnakili na inzi, na ndiyo maana kila kijiko cha Ute kina kivimbe pale mpinini, na watu hudhani ni urembo.

Siku ya saba asubuhi wanakili walikuwa wamebakiza mafungu matatu kulifikia la pampu. Siwatu akainuka.

"Mheshimiwa, Fundi amenituma."

Mheshimiwa Mapengo akageuka. "Amesema?"

"Amesema nishone mimi, yeye asimamie."

"Lini? Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo, lakini ulikuwa umeziba pua, masikio yako yakaziba pamoja."

Mheshimiwa akalitazama gunia. Gunia halikukanusha. "Fundi wa kweli," akasema, "hutumia mikono ya wengine. Nami nilitaka kulisema hilo kwenye hotuba." Siwatu akapewa sindano.

Alinawa mara saba. Maji ya Kiini, mjue, yalikuwa meupe kama kioo. Pampu yao ilikuwa ya zamani, ina chujio. Akapika gundi nyepesi, akaunganisha kingo nywele kwa nywele, akausoma mstari unaotazamana, akauandika ule uliopotea: *na mdomo wa bomba ufungwe chujio.* Akaupuliza ukakauka. Alipoinua macho wanakili walikuwa wameshafika, wamesimama kwa mstari na kalamu zinadondosha wino.

"Ngoja," Mheshimiwa Mapengo akasema. "Kazi haijathibitishwa. Fundi mwenye utepe hajatia dole."

"Mheshimiwa, hana kidole."

"Ana pembe."

"Basi alitie pembeni, kwenye karatasi tupu."

"Sheria inasema dole litiwe juu ya mshono." Akawaita watu wanne. "Mnyanyueni Fundi."

Wakalinyanyua. Lilikuwa limeoza chini, linaning'inia, na ile pembe moja ilikuwa imevimba kama jipu. Siwatu aliiona inakuja juu ya mstari wake, na aliwaona wanakili wakiinama kuitazama. Akajua kitakachokuwa. Donge lile litafunika neno chujio, litanakiliwa donge, na nchi mbili zitafunga donge la mavi kwenye mdomo wa kila bomba, herufi kwa herufi, milele. Hakuna atakayeuliza. Watafumba macho.

Akaweka mkono wake juu ya mstari.

Gunia likashuka juu ya mkono. Likabonyea, likapasuka kidogo, likaingia katikati ya vidole na chini ya kucha na kupanda mpaka kwenye kifundo. Siwatu alifunga vidole karatasi isiguswe, akakaa hivyo hivyo, hakupumua.

"Dole limeingia?" Mheshimiwa akauliza, leso puani, uso upande.

"Limeingia."

"Limekolea?"

"Limekolea, mheshimiwa. Mpaka mfupani."

"Imethibitishwa," akasema, na tarumbeta zikapigwa. Siwatu akainua mkono polepole kama mtu anayeinua kifuniko cha chungu. Mstari ulikuwa mkavu. Wanakili wakaunakili wote, pamoja na neno chujio.

*

Kutoka Kiini si kazi. Aliona nakala ya pampu imevaa kofia, inakwenda zake langoni, akashika mkia kwa mkono uliokuwa safi, wakatoka wote.

Kugawanyika kulifika siku mbili baadaye. Siku hiyo kuta zote mbili za Kiini huyeyuka kwa saa chache, ndiyo kanuni, na watu wa Ute waliona kwa macho yao wakubwa wamesimama wazi, wameziba pua, wamezunguka kiti chenye mto wa hariri. Waliona na kilichokaa juu yake. Jioni kuta zikajengwa tena, mara mbili, huku na huku, na kila mtu aliyekuwa na utepe akashikwa mkono akarudishwa ndani. Gunia nalo lilirudishwa. Nchi ya pili ililalamika kwamba haina Fundi wake, ikashonewa gunia jingine, na Mzee Foumu akapata kazi ya kudumu. Magunia yote mawili yalipewa nishani kwa kushona Kitabu. Redioni walisoma wasifu wao.

Pampu mpya ya Mtaa wa Vinu ilifungwa siku ya Jumatano. Watu walijipanga na ndoo, wamezoea, macho yao nusu yamefumba. Zuwena alikuwa mbele na Mize mgongoni, bado hai, bado mwepesi. Akapiga mpini mara nne. Maji yakatoka hayana rangi, hayana utando, yakalia ndani ya ndoo kama maji.

Kisha Siwatu akapenya mstari, akaweka mkono wa kulia chini ya bomba, yale maji ya kwanza kabisa ya mtaa mzima yakapita juu ya mkono wake na kumwagika chini. Ulikuwa bado wa kijani kwenye mikunjo. Alikuwa ameshausugua kwa mchanga na majivu na ndimu.

"Siwatu, dada," Zuwena akasema, "maji yenyewe ndiyo haya tumeyapata leo, na wewe unanawia?"

"Nanawia."

"Kwani ulishika nini?"

"Serikali."

Zuwena akautazama ule mkono, akainama akaunusa, akarudisha kichwa nyuma. Akaondoa ndoo yake, akashika mpini wa pampu.

"Nawa tena," akasema.